Je, Habari Zote ni Nzuri?



Katika nyumba yetu hapa Ubaruku kuna kazi inayotujia mara mbili kwa mwaka, nayo ni kuandika barua ya habari. Ya kwanza tunaiandika mavuno ya mpunga yakiisha, watu wakiwa wanaanika na kupeleka mashineni kukoboa. Ya pili tunaiandika kabla ya Krismasi, vitalu vikiwa vinaandaliwa na kila mtu akitazama mawingu. Barua hiyo huenda kwa ndugu zetu walio Njombe na Iringa, kwa washarika waliohamia Mbeya na Dar es Salaam, kwa usharika tuliotumika kabla ya kuja huku, na kwa marafiki wachache walio ng'ambo wanaotuombea. Siku hizi nyingi hupita kwenye simu, lakini wazee wetu bado wanataka karatasi, isomwe kwa sauti baada ya chakula cha jioni.

Kazi yenyewe ni ndogo, ila swali lililomo ndani yake si dogo. Tuseme nini, na tusiseme nini? Mkristo anapoulizwa habari, anadaiwa kweli kiasi gani? Tumeona vema kuliweka swali hili mbele yenu, kwa kuwa haliwahusu wachungaji peke yao. Kila mmoja wetu huulizwa habari mara nyingi kwa siku, na kila mara hujibu.

Tuanze na salamu zetu. Ukienda kwenye msiba, turubai limefungwa na akina mama wamekaa kwenye mikeka, utauliza, "Habari za hapa?" Mfiwa atakujibu, "Nzuri." Kisha ataongeza, "Ila ndiyo hivyo, mama ametutoka." Wageni wanaojifunza Kiswahili hushangaa sana. Inakuwaje habari iwe nzuri na maiti yuko ndani? Wengine hudhani tumezoea kusema uongo wa adabu.

Sisi hatuoni hivyo. "Nzuri" ile ya kwanza ni kama kumfungulia mtu mlango. Inasema: nimekupokea, bado nimesimama, Mungu hajaniacha. Habari yenyewe huja baada ya "ila". Hata neno "hujambo" limebeba jambo ndani yake; anayeuliza anataka kujua kama kuna jambo. Mnyakyusa akikuambia "ugonile", anauliza kama umelala salama, na swali hilo ni la kweli, kwa maana usiku una mambo yake. Hapa kwetu, ambapo Wasangu wenyeji wanaishi pamoja na Wabena, Wahehe, Wakinga, Wanyakyusa, Wasafwa na Wasukuma, mtu anaweza kusalimiwa kwa lugha tatu au nne kabla hajafika sokoni, na katika zote anaulizwa jambo lilelile: u hali gani?

Kwa hiyo "nzuri" haina ubaya. Ubaya uko kwenye "nzuri" isiyofuatwa na "ila" pale "ila" ilipohitajika. Na barua za nyumba za wachungaji zina kishawishi hicho kuliko nyingine. Kwaya ya vijana imeimba vizuri. Bati la jengo jipya limefika. Watoto wa kipaimara wamebarikiwa. Mpunga umekubali. Yote hayo huwa kweli, na tuna haki ya kuyafurahia. Lakini barua yenye hayo tu, mwaka baada ya mwaka, humfundisha msomaji jambo ambalo si kweli: kwamba kwa watu wa Mungu hakuna usiku. Msharika mwenye mtoto mgonjwa akiisoma hujiuliza yeye amekosa nini.

Katika Biblia tunamwona mama mmoja aliyeulizwa habari siku mbaya kuliko zote. Ni yule Mshunami, katika 2 Wafalme 4. Ulikuwa wakati wa mavuno. Mwanawe wa pekee alikwenda shambani kwa baba yake, kwa wavunaji, akaanza kulia kichwa. Wakamrudisha nyumbani, akakaa magotini pa mama yake hadi adhuhuri, akafa. Mama akamlaza kitandani pa nabii, akafunga mlango. Mumewe alipomuuliza kwa nini anakwenda kwa mtu wa Mungu siku isiyo ya ibada, akajibu kwamba ni salama. Gehazi alipotumwa kumlaki na kumuuliza habari zake, za mumewe na za mtoto, akajibu vilevile. Lakini alipofika kwa Elisha mwenyewe, alimshika miguu na kuumwaga moyo wake wote.

Je, mama huyu alisema uongo njiani? Wako wanaosema ndiyo, na wako wanaosema lilikuwa neno la imani. Tunaona kuna jambo la tatu. Alijua mzigo wake ni wa kufikishwa wapi. Hakuumwaga barabarani kwa kila aliyepita. Aliubeba mpaka kwa yule aliyeweza kuinama naye. Kunyamaza kwake kulikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa kusema. Hapo ndipo anapotofautiana na mtu ambaye "salama" yake haina mwisho, anayejibu "nzuri" njiani, "nzuri" kanisani, "nzuri" kwa mchungaji, na "nzuri" kwa mke wake, hadi siku inayotimia ile methali yetu: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na tazameni alichosema Elisha wakati Gehazi alipotaka kumsukuma yule mama. Alisema aachwe, kwa maana nafsi yake ina uchungu, na Bwana hakumfunulia yeye jambo hilo. Hata nabii hakujua! Washarika wengi hudhani mchungaji anajua tu. Nasi wa nyumba ya mchungaji huwa tunadhani washarika wanajua tu. Mungu aliacha jambo hilo lipite kwa kinywa cha mama mwenyewe. Inaonekana alitaka tuambiane.

Ndiyo maana kanisa tangu mwanzo limekuwa kanisa la kupeana habari. Mtume Paulo hakuandika mafundisho matupu. Alimtuma Tikiko Efeso na Kolosai pamoja na barua, ili awaeleze mambo yake na kuwafariji mioyo. Aliwaambia Wakorintho wazi kwamba huko Asia dhiki ilimlemea hadi akakata tamaa ya kuishi, na kwamba hakutaka wasijue jambo hilo. Aliwaandikia Wafilipi kwamba Epafrodito aliugua karibu na kufa. Na katika habari hiyo kuna neno dogo linalotugusa: Epafrodito alihuzunika kwa sababu Wafilipi walisikia kwamba anaumwa. Alijua habari ya ugonjwa wake itawaumiza waliompenda, naye akaumia kwa ajili yao. Habari ina uzito. Anayeipeleka anamtwika mtu mwingine, kwa hiyo aipeleke kwa upendo.

Ndugu zetu Wamoravian, ambao walifika Rungwe mwaka 1891, walitoka katika kanisa lenye desturi ya kale ya jambo hili. Huko Herrnhut, Ujerumani, tangu mwaka 1728 walikuwa na siku maalumu ya kukusanyika na kusomewa barua na taarifa kutoka kwa ndugu walio mbali. Walipoanza kutuma wamisionari mwaka 1732, barua ziliongezeka, na watu waliomba kwa kutaja majina na mahali. Kusoma habari kwao kulikuwa sehemu ya ibada.

Desturi hiyo ni njema, nasi tunaiheshimu. Lakini barua za wamisionari kwa jumla zina upande mwingine ambao sisi, wajukuu wa watu waliosimuliwa humo, tunauona upesi. Babu zetu walielezwa kwa wasomaji wa Ulaya: umaskini wao, ugonjwa wao, ndoa zao, kuanguka kwao na kutubu kwao. Mara nyingi mwenye habari hakujua kwamba habari yake imesafiri hadi ng'ambo. Jambo lilianza kubadilika pale waafrika wenyewe walipoanza kuandika. Gazeti la Msimulizi, lililoanza kuchapishwa Unguja mwaka 1888 katika shule ya misheni ya Kiungani, lilileta habari za vituo vya kanisa kwa Kiswahili, kwa wasomaji walioishi huko huko. Mtu akiandika habari akijua kwamba jirani anayeandikwa ataisoma kesho, kalamu yake inapata adabu.

Kwa sababu hiyo, katika nyumba yetu tuna swali la kwanza kabla ya kuandika: habari hii ni ya nani? Nyumba ya mchungaji hupokea mambo mengi. Watu hugonga usiku. Kuna mwenye ndoa inayotetereka, kuna mwenye majibu ya hospitali mfukoni, kuna binti asiyejua atamwambiaje baba yake. Mambo hayo yamewekwa kwetu kama amana. Hata tukiyaandika bila jina, Ubaruku ni mji ambao watu wake wanafahamiana. Ukisema "mama mmoja mwenye mashine ya kukoboa", umeshamtaja. Na msomaji wa mbali kutomfahamu hakutupi haki ya kumtumia. Huenda huruma yake ikaamka akasaidia hata paa la kanisa; bado tutakuwa tumelipa paa hilo kwa siri ya mtu mwingine.

Swali hilo linawahusu hata watoto wetu. Watoto wa mchungaji hukua wakitazamwa. Mwaka mmoja kijana wetu alimaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwa mazuri. Tulipokaa kuandika, sisi wawili hatukukubaliana. Mmoja wetu alisema, tunataja kila mwaka wanaofaulu, basi tukimruka huyu tutakuwa tumemwambia kwamba upendo wa nyumba hii una alama za ufaulu. Mwingine akasema, habari hiyo ni ya mtoto, wala si ya wazazi. Tukamwita mwenyewe. Akafikiri kidogo, akasema, "Andikeni kwamba narudia mtihani na mniombee. Alama msiziandike." Tukaandika hivyo hivyo. Kweli ilisemwa, na mwenye habari alibaki na heshima yake.

Lakini swali gumu kuliko yote kwetu hapa Ubaruku ni lile la mavuno.

Ninyi mnaoishi huku mnajua. Wilaya yetu ya Mbarali inaishi kwa maji. Mito inashuka kutoka nyanda za juu hadi bonde la Usangu, inakamatwa kwenye mabanio, inaingia mifereji mikuu, kisha matawi, kisha majaruba. Shamba kubwa la mpunga la Mbarali lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, na mji wetu umekua karibu nalo. Wakulima wadogo nao wakaongezeka mwaka hadi mwaka. Mvua ikiwa nzuri, kila mtu hupata. Mvua ikiwa haba, mwenye jaruba karibu na banio hupata zamu yake, na mwenye jaruba mkiani mwa mfereji huona udongo ukipasuka wakati mpunga unataka kutoa masuke. Wote wawili wamelima, wote wameomba, na Jumapili wanakaa benchi moja.

Basi mavuno yakiwa mazuri kwetu, tuandike nini? Neno linalokuja upesi ni hili: "Mwaka huu Mungu ametubariki." Ni neno la shukrani, wala hatutaki liondoke vinywani mwetu. Lakini likisomwa kanisani na yule wa mkiani mwa mfereji yupo, anasikia nini? Kama gunia lililojaa ndilo baraka, basi gunia lake tupu ni nini? Bwana Yesu alifundisha kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, na tunadhani aliyasema hayo ili kutuzuia tusihesabu magunia kama alama za utakatifu.

Tena maji yetu hayaishii kwetu. Yanayobaki huenda kwenye ardhi oevu ya Usangu, yanatoka kama Mto Ruaha Mkuu, yanapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha yanafika Mtera na Kidatu, ambako mitambo iliyojengwa kuzalisha megawati 80 na megawati 204 huyasubiri. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Sababu zake ni nyingi, na hatusemi kwamba mkulima wa jaruba moja ndiye mwenye hatia. Tunasema tu kwamba habari njema ya mahali pamoja inaweza kuwa na mkia mrefu, na mtu mwaminifu hutazama hadi mkiani.

Kuna tajiri katika Luka 12 ambaye shamba lake lilizaa sana. Tumesoma habari zake mara nyingi kuhusu maghala. Tazameni pia alimpelekea nani habari zake. Aliiambia nafsi yake. Katika habari ile yote hakuna mke, jirani, kibarua wala mtu wa kuokota masazo. Mavuno yake yalikuwa makubwa na hayakuwa na msikilizaji. Kinyume chake ni Naomi. Alirudi Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri, na wanawake wa mji walipomshangaa, hakusema "nzuri". Aliwaambia wamwite Mara, kwa kuwa alitoka amejaa na amerudi mtupu. Aliambia mji mzima uchungu wake, na mji haukumfukuza. Ruthu akaingia shamba la Boazi kuokota masuke, na kutokana na hapo Mungu akaanza kazi. Tukiuliza nini kilifungua mlango, neno la kweli la mjane lina sehemu yake.

Kwa hiyo sisi huandika mavuno namna hii: tumepata kiasi gani na kwa nini, kwamba jaruba tulilokodi liko karibu na mfereji mkuu na zamu ya maji ilitufikia, kwamba tunamshukuru Mungu, na kwamba nyumba kadhaa za mkiani hazikupata, kwa hiyo sadaka ya mavuno mwaka huo ina kazi ya haraka. Habari ya namna hiyo inabaki na furaha yake, na inaifikisha furaha hiyo kwa wanaoihitaji. Siku ya sikukuu ya mavuno, magunia, kuku na mikungu ya ndizi vinaponadiwa nje ya kanisa, mtu hunyanyua mkono wake akijua ananunua kwa ajili ya nani.

Hata hivyo, mmoja wa wazee wetu alituuliza swali la haki. Alisema, "Mchungaji akianza kutaja shida kwenye barua, si ataonekana analia njaa? Na wale wa ng'ambo hawatafikiri anaomba fedha kwa mlango wa nyuma?" Hofu hiyo ina msingi. Zipo barua ambazo shida hupangwa mstari kama bidhaa sokoni. Tena kuna watu wema ambao wakisoma shida tatu mfululizo huacha kufungua barua ya nne.

Tunamjibu mzee wetu kwa mfano wa Paulo katika Wafilipi 4. Anataja dhiki yake wazi. Anashukuru msaada waliotuma. Lakini katikati anaweka neno kwamba amejifunza kuwa radhi katika kupungukiwa na katika kuwa na vingi. Msomaji anajua hali ya Paulo, na bado yuko huru. Hakuna kamba iliyofungwa shingoni mwake. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kati ya kushirikisha na kulilia. Anayelilia anakupa shida yake ili akushike. Anayeshirikisha anakupa shida yake kwa sababu wewe ni ndugu, na hata ukiwa huna kitu cha kutuma, amepata alichokitafuta: umejua, na utamtaja mbele za Mungu.

Na liko jambo la upande wa msikilizaji, maana barua ina watu wawili. Mara nyingi watu hawasemi "ila" kwa sababu wanajua hakuna anayeingoja. Tunauliza "Habari za nyumbani?" miguu ikiwa inaendelea kutembea. Baada ya ibada tunashikana mikono mlangoni, "habari, habari, habari," na mstari unasonga. Gehazi alikuwa na swali zuri sana. Alimuuliza yule mama habari za watu watatu, kila mmoja kwa nafasi yake. Lakini mama alipofika na machozi, alitaka kumwondoa. Elisha hakuwa na swali refu. Alikuwa na miguu inayoshikika. Mshunami alimpitia mwenye maswali akafika kwa mwenye nafasi.

Kwa hiyo tunawaomba, wapendwa, mambo mawili. La kwanza, mnapopeleka habari zenu, iwe kwa barua, kwa simu au kwa mdomo, mwacheni "ila" atoke pale anapohitajika, kwa mtu anayeweza kuubeba mzigo, na msimtoe pamoja naye jirani ambaye hakuombwa ruhusa. La pili, mnapouliza habari, simameni. Msimu wa kupandikiza, watu wakiwa matopeni toka alfajiri, swali fupi linaloulizwa na mtu aliyesimama kando ya tuta lina thamani kuliko salamu ndefu za mtu aliye juu ya pikipiki.

Injili yenyewe maana yake ni Habari Njema. Wale waliotuletea hawakuficha kwamba mlikuwa na Ijumaa ndani yake: bustani ya kilio, rafiki aliyekana, mama aliyesimama chini ya msalaba. Waliandika yote, kisha wakaandika Jumapili. Kama wangeanza na kaburi tupu peke yake, tusingejua ni nani aliyefufuka wala ametoka wapi. Habari yetu nayo itakuwa njema kwa namna hiyo hiyo, ikiwa na Ijumaa yake.

Mungu awabariki ninyi nyote mnaovuna na ninyi mnaongojea maji. Amina.